Mama Pudentienne Anashuka La Sereine

Miaka thelathini na minne kazini si haba kwa mtu aliyeanza akiwa anaogopa maji. Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti 2018, Mama Pudentienne Ndayiragije, mkuu wa huduma za ndani kwenye meli yetu La Sereine na mwalimu wa kila anayefanya kazi hiyo katika Kampuni ya Mwambao, anastaafu rasmi. Wenzake wameniomba mimi, Gédéon, fundi wa mashine, nimwandikie wasifu wake, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyebaki kati ya waliomwona akipanda ngazi ya meli kwa mara ya kwanza. Mikono yangu imezoea spana kuliko kalamu, lakini kwa huyu sikuweza kukataa.

Mama Pudentienne alizaliwa Luberizi, katika nyumba ya wakulima wa mpunga na pamba wa bonde la Ruzizi. Nyumbani walizungumza Kirundi, sokoni Kifuliiru, shuleni kwa masista Kifaransa. Ziwa alikuwa analiona kwa mbali tu, siku za kusindikiza mizigo Uvira. Mwaka 1984 tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa: kampuni inatafuta vijana wa kufundishwa kazi ya ndani ya meli. Mama yake alidhani ni kazi ya kuvua samaki, akamkataza. Baba yake alidhani ni kazi ya ofisi, akamruhusu. Wote wawili walikuwa wamekosea, lakini ruhusa ilikuwa imekwisha kutoka.

Wakati ule La Sereine ilikuwa meli ya starehe, na hapa kaskazini mwa ziwa haikuwa na mfano. Ilikuwa na kabini sita za mbao iliyong'arishwa, saluni yenye zulia jekundu, viti vya ngozi, na meza kubwa ya mbao za muvula iliyoweza kukaliwa na ukoo mzima. Ilibeba wakurugenzi, mabalozi na wageni wao waliovuka kutoka Bujumbura, ikawapeleka hadi rasi ya Ubwari, wakaogelea, wakala samaki aina ya mukeke wa kuchoma kwenye sahani nyeupe, wakalala huko huko juu ya maji.

Aliyechagua wanafunzi alikuwa Papa Félicien, mzee wa Kalemie aliyekuwa ametumika melini tangu ujana wake. Aliwapanga watahiniwa saluni, akaanza kuwaeleza ukali wa kazi, na katikati ya maneno akaangusha glasi kusudi. Mmoja akaruka nyuma. Mwingine akacheka. Wa tatu akaapa kwamba si yeye. Pudentienne aliuliza ufagio unakaa wapi.

"Huyu anabaki," alisema Papa Félicien, kisha akaendelea na maneno yake pale pale alipokuwa ameyaachia.

Mafunzo yalidumu hadi mvua za mwaka uliofuata. Siku ya kwanza ya mawimbi msichana wa Luberizi alijishika kwenye mlango wa jiko, uso umegeuka rangi ya majivu.

"Papa, minye nitakufa hapa."

"Hapana. Utatapika, kisha utarudilia kazi."

Ikawa hivyo hivyo. Alitapika, akanawa, akarudi. Papa Félicien alimtembeza korido nzima akiwa amebeba sinia la vikombe vilivyojaa maji, meli ikiyumba, na kila tone lililomwagika alilipangusa mwenyewe. "Weye, acha kushindana na ziwa," alikuwa akimwambia. "Magoti njo inafanya kazi. Mikono inapumzika tu." Alimfundisha kutandaza kitambaa kibichi chini ya sahani ili zisiteleze, kung'arisha glasi kwa mvuke, kumweka mgonjwa wa mawimbi katikati ya meli na kumpa chai ya tangawizi, na kusahau mazungumzo ya mezani kabla sahani hazijaoshwa. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo ilihusu jambo ambalo wageni hawakulijua: siku ya hatari, kapiteni yuko kwenye usukani, fundi yuko kwenye mashine, na watu wote waliobaki wako mikononi mwa yule wa huduma za ndani. Yeye ndiye anayewavisha jile za kuokolea, ndiye anayewakalisha kwa usawa kushoto na kulia. Na katika kufanya hivyo hapandishi sauti.

Si kwamba hakuharibu kitu. Kuna mkurugenzi mmoja ambaye suruali yake nyeupe ilikunywa kahawa yote ya asubuhi. Pudentienne aliomba radhi kwa utulivu mkubwa, akamletea pagne, kitenge chake mwenyewe, ajifunge wakati suruali inafuliwa, na mkubwa yule akashinda siku nzima amejifunga maua ya kijani, akijadili mambo mazito ya biashara. Inasemekana hakuwahi kusafiri kwa raha kama safari ile.

Papa Félicien alipozeeka na kurudi Kalemie, mwaka 1990, hakuna aliyeuliza nani angechukua nafasi yake. Katika miaka hiyo hiyo Pudentienne alikuwa ameolewa na Bigirimana, fundi seremala wa mtaa wa Kasenga hapa Uvira, na walikuwa na binti, Bella. Tangu hapo mumewe anamwita Mama Bella na yeye anamwita Papa Bella, na sisi wa melini tukazoea kumsikia akimtaja kila tukikaribia bandari yetu ya Kalundu.

Kisha ikaja Oktoba 1996.

Wenye umri wanakumbuka. Vita ilikuja kutoka bondeni, na mji wote wa Uvira ukamiminika kuelekea kusini, wengine kwa barabara ya Makobola, wengine bandarini kwetu. Ilikuwa mchana. Watu walijaa kwenye gati la Kalundu na magodoro, masufuria, mbuzi, wagonjwa migongoni. Kapiteni Jean-Berchmans, mtu mwema lakini mwenye kufuata sheria, alisimama mlangoni mwa saluni akijifuta jasho.

"Mama Pudentienne, hii meli iko ya bantu makumi tatu. Unaona kule inje?"

"Niko naona, Kapiteni. Lakini uangalie humu ndani pia. Ile meza haina mama. Tuishushe."

Kapiteni alimwangalia kana kwamba hakusikia vizuri. Meza ile Pudentienne alikuwa ameing'arisha kwa nta kila juma kwa miaka kumi na miwili, na mtu akiweka glasi juu yake bila kitambaa alikuwa anamtazama hadi aiondoe. Sasa yeye ndiye aliyeshika pembe ya kwanza. Mimi nilishika ya pili. Tuliitoa ile meza, tukatoa viti vya ngozi, zulia, makabati ya vyombo, jokofu, hata milango ya kabini tukaing'oa. Vyote tuliviacha gatini, na mahali pa vitu tukaingiza watu.

Aliwaingiza kwa mpango. Wazee na wagonjwa kwenye vitanda vya kabini, kina mama na watoto, Bella akiwemo, sakafuni saluni, wenye nguvu pembeni, nusu kushoto, nusu kulia. Mizigo ilibaki nje, na kwa hilo alitukanwa kwa lugha zote anazozijua, akajibu kwa lugha hizo hizo bila kukasirika. Kila mara alikuwa akiinama kutazama ule mstari mweupe uliochorwa ubavuni kuonyesha mwisho wa mzigo, jinsi maji yanavyoupandia.

Wa mwisho kuingia alikuwa bibi mmoja aliyebebwa mgongoni na mwanawe. Bibi aliingia, mwana alibaki. Hapo Mama Pudentienne akavuta mnyororo wa ngazi.

"Sasa basi. Tukiongeza muntu mumoja, tunazama wote. Munisamehe."

Wakati huo ndipo Bigirimana alipojipenyeza hadi mbele, anasukuma kinga yake, ile baiskeli nyeusi ya kubebea mbao. Alikuwa ametoka Kasenga kuja kuwatafuta. Mimi nilikuwa kwenye tundu la mashine, karibu nao kiasi cha kusikia kila neno.

"Mama Bella. Iko nafasi?"

Alitazama tena ule mstari. Kisha akamtazama mumewe.

"Haiko, Papa Bella."

Watu waliokuwa karibu waliacha kusukumana. Walikuwa wametambua kwamba huyu ni mume wake.

"Mutoto iko wapi?"

"Iko ndani. Amekaa. Amevaa jile." Akashusha pumzi. "Weye uko na kinga. Fuata njia ya Makobola, usisimame. Ukifika Baraka utafute mutumbwi."

Bigirimana alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayeelezwa vipimo. "Nimesikia. Basi muende." Akageuza kinga yake, akamwambia yule kijana aliyemleta mama yake mgongoni apande nyuma, na wakaondoka wote wawili. Mama Pudentienne aliushika mnyororo kwa muda, kisha akaingia ndani kuangalia nani hajavaa jile.

Tulikuwa tumefika mbele ya Kabimba ya Uvira tuliposikia mabomu mjini. Pwani ilikuwa kulia kwetu, na moshi ulianza kupanda juu ya nyumba. Watu wote waliokuwa upande wa kushoto wakasimama na kukimbilia kulia ili waone ni mtaa gani unaoungua. Meli ikalala ubavu. Kule chini maji yaliingia kupitia tundu la hewa yakanifika magotini, na nilijua kwamba yakiifikia mashine, tumekwisha. Nilipiga kelele, nani angenisikia? Kapiteni naye alikuwa anapiga kelele, na kelele zake zikazidi kuwatia watu hofu.

Mama Pudentienne alitoka jikoni na sinia la chai.

Alipita katika sakafu iliyoinama kama paa la nyumba, magoti yamekunjwa, vikombe vimetulia, akisema kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa mabalozi, kwa Kiswahili, kisha Kirundi, kisha Kifuliiru: "Chai iko inatoka. Lakini inafika kwa mwenye amekaa tu. Kila muntu arudi pahali alikuwa."

Mzee mmoja alimgeukia, macho yamejaa machozi. "Nyumba yetu iko inaungua, na weye unatuletea chai?"

"Ndiyo, Papa. Iko na sukari. Ukae."

Mzee akakaa. Sijui kama ni sukari au ni ile sauti. Aliyekuwa kando yake akakaa, na mama mmoja mwenye mapacha, na mwingine, hadi upande wa kushoto ukapata watu wake na La Sereine ikanyanyuka. Nilitoa maji kwa ndoo, mashine haikuzima. Baadaye nilimuuliza aliwaza nini. Alijibu kwa mkato, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi: "Muntu hawezi kukimbia na kikombe cha moto mu mukono."

Kesho yake asubuhi tulitia nanga Kigoma. Hakuna aliyepotea njiani.

Miezi miwili alikaa huko kwenye kambi ya wakimbizi bila habari ya mumewe. Kila mtumbwi ukifika aliteremka ufukoni na Bella, akatazama nyuso, akarudi kupika. Alasiri moja, karibu na Noeli, mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ulishusha mtu mwembamba, miguu imepasuka, bila baiskeli. Alisimama ndani ya maji, mbali kidogo.

"Mama Bella. Iko nafasi sasa?"

Mama Pudentienne alicheka kwa sauti kubwa, kisha akakaa kwenye mchanga akalia, na ilituchukua muda mrefu kumnyanyua. Yule kijana wa nyuma ya kinga alikuwa amefika salama Baraka. Baiskeli yenyewe waliibadilisha kwa mihogo.

Tulirudi Uvira mwaka 1997. Lakini mwaka uliofuata vita ya pili ilianza, na safari hii wenye silaha waliichukua meli yenyewe, wakaitumia, wakaichoka, wakaiacha imelala mchangani haina mashine, haina hata waya wa taa. Kampuni ilibaki jina tu. Mimi nilitengeneza vinu vya kusagia. Kapiteni Jean-Berchmans aliuza mafuta ya petroli. Tukadhani Mama Pudentienne naye atarudi shambani.

Alifungua mafunzo. Kwenye kiwanja cha nyumba yake Kasenga alichora kabini kwa majivu, upana ule ule, mlango pale pale. Bigirimana alimchongea kitanda kimoja chembamba na ubao mrefu, na ule ubao ukawekwa juu ya pipa lililolazwa, ili wanafunzi watembee juu yake na masinia wakijifunza mawimbi. Vikombe vilikuwa vya plastiki, sababu vya udongo visingemaliza juma. Vijana walianguka, majirani walikuja kutazama kama sinema. Jirani mmoja alimuuliza mbele ya wote:

"Mama, unafundisha kazi ya meli yenye haiko?"

"Itarudi," alisema. "Na siku itarudi, abiria hatangojea muntu ajifunze kwanza."

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Chérie, msichana wa Kamanyola aliyekimbilia mjini na shangazi yake. Chérie anasimulia kwamba mara nyingi risasi zilisikika vilimani, nao wakalala chini ndani ya kabini ya majivu, kisha wakiinuka mwalimu alisema wamefuta ukuta, wauchore upya. Oktoba 2002, mji ulipopigana mtaa kwa mtaa, masomo yalisimama kwa majuma kadhaa. Yalipoanza tena alikuja hata yule jirani, akamwandikisha binti yake.

Mwaka 2006 kampuni ilifufuka chini ya wakubwa wapya. Tuliivuta La Sereine kutoka mchangani kwa kamba na mabega ya watu wa Kalundu, nikaiwekea mashine nyingine, na badala ya meli ya starehe ikawa meli ya abiria ya Baraka na Kalemie, yenye kabini nne za wanaoweza na mabenchi mazuri ya wote. Kapiteni Jean-Berchmans alirudi kwenye usukani hadi alipostaafu. Mkurugenzi mpya alitaka kuleta watu wa huduma kutoka mbali. Mama Pudentienne alimwomba apande tu safari ya kwanza na wanafunzi wake wa Kasenga, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga meli. Ziwa lilichafuka kabla ya Mboko. Watoto wale walitembea na masinia kama wako kwenye kiwanja cha nyumba. Waliajiriwa kabla hatujafika Baraka.

Tangu hapo yeye amefundisha vijana wengi kiasi kwamba kila bandari ya ziwa hili ina mtu wake. Wako Kigoma, wako Rumonge, wako Mpulungu kwenye mashua za watalii. Mmoja, Délice, yuko mbali sana, kwenye yacht ya matajiri katika bahari ya Mediterania. Ametuandikia kwamba siku ya kwanza bosi wake alimuuliza amesomea wapi kutembea vile. Alijibu: "Kasenga," na bosi akadhani ni chuo kikubwa.

Haya yasiwafanye mfikirie kwamba ni malaika. Hapendi redio saluni, na redio yangu iliwahi kukaa kizuizini kwake mwezi mzima. Hawezi kuvumilia mtu anayetafuna kwa sauti. Na wanafunzi wake wanajua jinsi alivyowalazimisha wote kujifunza kuogelea wakati yeye hajui, hadi Chérie alipothubutu kumwambia hivyo. Siku ya tatu, akiwa na miaka arobaini na mitano na zaidi, aliingia majini Kavimvira amefunga pagne, Papa Bella amemshika tumbo, na watu wa mtaa wakishangilia kila alipotoa kichwa nje. Leo anaogelea vizuri. Kiboko akitokea anatoka haraka kuliko sisi wote.

Kuanzia Jumatatu, Chérie ndiye mkuu wa huduma za ndani. Mama Pudentienne na mumewe wanarudi Luberizi, kwenye mpunga wa wazazi wake, ingawa Bella, ambaye sasa ni mwuguzi, anaapa kwamba hawatamaliza mwaka bila kushuka mjini.

Mama, tunakushukuru. Tunamshukuru na Papa Bella kwa ajili ya siku ile gatini. Wafanyakazi wote tumechangia zawadi moja: safari ya nyinyi wawili, Kalundu hadi Kalemie na kurudi, kama abiria. Sababu ni Chérie aliyetuambia. Katika miaka yote hii umepita pwani ile mara nyingi zaidi ya mvuvi yeyote, na hujawahi kuiona, kwa sababu ulikuwa ndani na watu. Viti viwili vimewekwa juu, upande wa milima. Jikoni umekatazwa, ni amri ya kapiteni. Kaa, mama yetu. Iangalie Makobola ikipita, na Mboko, na Ubwari, polepole, mpaka uchoke kuangalia. Siku zako zilizobaki ziwe ndefu na zenye amani.